Niliwaambia "Tupa Leo"

Kuna vidio mbili zangu ambazo hamtazipata tena. Nimezifuta. Walioniuliza inboksi kama akaunti imedukuliwa, hapana, ni mimi mwenyewe nimezitoa. Leo naeleza kwa nini, na naeleza kwa maandishi, kwa sababu mbele ya kamera najijua: nitaanza kucheka-cheka na nitaruka zile sehemu zinazoniuma.

Ya kwanza niliposti Desemba. Nimesimama kando ya soko hapa Kehancha, nimevaa lile dera la kijani, nimeshika kopo jeupe lisilo na lebo, nawaambia wasichana wenzangu kwamba kama umechoka kuitwa spoku ya baiskeli, dawa ndiyo hii. Nililipwa shilingi 3,500 kwa M-Pesa. Ya pili niliposti Aprili. Sijapaka hata poda, nimekasirika kabisa, nasema vile vidonge ni steroidi, vinaharibu mwili, na kama unavyo kwa nyumba vitupe. "Si kesho. Leo. Choo iko wapi?" Hiyo ndiyo mliisambaza sana, mpaka watu wa Sirare upande wa pili wakanitafuta.

Ya kwanza ilikuwa uongo. Ya pili, karibu kila kitu nilichosema ni kweli. Na hiyo ya pili ndiyo iliyompeleka cuzo yangu hospitali.

Kwa wasioijua Kehancha: ni mji wetu wa Kuria Magharibi, ukitoka Isebania unaelekea Kegonga na Ntimaru. Mpaka uko karibu kiasi kwamba bei ya sukari ya Sirare tunaijua kabla ya bei ya Migori. Vitu huingia na kutoka kwa pikipiki mchana na usiku, na katikati ya hivyo vitu kuna krimu na vidonge. Halafu huku kwetu mtu kunona si jambo dogo. Ukikonda, hakuna anayekuuliza unakula nini. Watu wanauliza unaumwa nini, na wanauliza kwa sauti ya chini. Migori na majirani zetu Homa Bay tulizika watu wengi sana wakati wa ukimwi, na wazazi wetu bado wanasoma mwili wa mtu kwa macho ya miaka ile. Kwa hiyo msiseme wasichana wanameza hivi vidonge kwa ujinga tu wa kutaka hips. Mimi mwenyewe nimekuwa mwembamba maisha yangu yote, na najua ile kimya inayoingia ukifika matangani halafu shangazi anakushika mkono kama anaupima.

Cuzo yangu ni binti wa mamdogo. Tumelala kitanda kimoja mpaka darasa la saba. Ameolewa, ana mtoto mmoja, anauza mitumba. Alijifungua akakonda, na ile familia alikoolewa ikaanza maneno. Oktoba akanunua kopo la kwanza kwa mama mmoja anayezunguka nayo kwa kikapu. "Ni mizizi tu, binti yangu, haina shida." Kopo lilipoisha, yule mama alikuwa hajarudi, lakini alikuwa ameacha majina ya vidonge kwa karatasi. Cuzo akaenda kwa kemisti akauziwa bila swali lolote: deksamethasoni, na kingine cha kuongeza hamu ya kula kinachoitwa siproheptadini. Mizizi ilikuwa hiyo. Vidonge viwili vya deksa asubuhi, viwili jioni.

Na alinona, hilo sitalidanganya. Kufikia Krismasi uso ulikuwa mviringo kama mwezi, mashavu yanang'aa. Watu wanampongeza njiani, "maisha yamekukubali." Mama mkwe alianza kumwita kwa jina lake. Mimi nikaona hiyo ndiyo kontenti. Nikamtafuta yule mama wa kikapu mwenyewe, tukaelewana bei, nikarekodi.

Kulikuwa na mambo mengine niliyoyaona nikayapita. Mikono na miguu yake haikunona, ni uso na tumbo tu, na nyuma ya shingo kulikuwa na kinundu cha mafuta. Tumboni alikuwa na michirizi mipana ya zambarau. Nikamwambia ni ya uzazi, hata mathe anayo. Akichuchumaa kufua anatafuta kitu cha kushika ndipo ainuke. Chunusi mgongoni. Usiku halali. Akijikwaruza kidogo, kidonda kinakaa wiki tatu.

Kumbe hayo yote yaliandikwa zamani sana. Mwaka 1912 daktari mmoja wa upasuaji huko Marekani, Harvey Cushing, alieleza habari za mwanamke wa miaka 23: uso mviringo, tumbo kubwa, michirizi, misuli imelegea. Mwaka 1932 akaeleza kwamba chanzo kinaweza kuwa uvimbe mdogo kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Hali hiyo mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Uvimbe kama huo ni nadra. Siku hizi watu wengi wanaopata ule uso hawana uvimbe wowote. Wamepewa steroidi, ama na daktari kwa sababu ya ugonjwa, ama na mama wa kikapu.

Nilisoma hayo Machi, baada ya jirani yetu ambaye ni nesi kuniita pembeni. Aliniambia, "Mdogo wangu, ile kitu unauzia watoto wa watu umewahi kujua ni nini?" Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Na mimi nikiona aibu huwa nakimbilia simu. Nikarekodi vidio ya pili siku hiyohiyo usiku, nikaipamba mpaka ikaniridhisha, nikaiposti Aprili mosi. Wengine walidhani ni utani wa Siku ya Wajinga.

Nesi alikuwa ameniambia jambo moja zaidi ambalo sikulisikiliza. Alisema, "Usiwaambie waache tu ovyo. Waambie waende hospitali." Mimi nikaona hiyo inapunguza makali. Mtu anataka kusikia "tupa". Nani anasambaza vidio ya "nenda ukaone daktari"?

Sasa sikiliza hii, kwa sababu hapa ndipo mambo yote yako.

Chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi ndogo kama punje ya njegere. Inaitwa pituitari. Juu ya kila figo kuna tezi nyingine imekaa kama kofia, hizo zinaitwa adrenali. Pituitari inatuma ujumbe kwa njia ya damu, homoni inayoitwa ACTH, na adrenali zikiupata zinatengeneza kotisoli. Kotisoli ndiyo inasaidia presha isianguke na sukari isiishe mwilini. Inapanda alfajiri, inafika juu kabisa kama saa mbili asubuhi, inashuka usiku ulale. Ukiugua, ukiumia au ukifanyiwa upasuaji, mwili unaitengeneza kwa wingi zaidi ili upite hapo salama.

Deksamethasoni ni kama kotisoli, ila ni kali mno. Fikiria boma lenye punda wa kuchota maji mtoni. Siku moja lori linaanza kuleta maji bure kila asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza punda anapumzika. Mwezi wa tatu hakuna anayekumbuka hata kumlisha. Mwezi wa sita amekonda, hawezi kubeba mtungi. Hapo ndipo mtu mmoja kwa simu, nguo nzuri, hasira nyingi, anawaambia fukuzeni hilo lori leo.

Nimepiga hesabu nikashtuka. Mtu mzima kwa siku ya kawaida hutengeneza kotisoli kama miligramu 10 hadi 20 hivi. Kidonge kimoja cha deksamethasoni cha miligramu 0.5 kina nguvu ya miligramu 13 hivi za haidrokotisoni, ambayo ni kotisoli yenyewe ikiwa dawa. Kidonge kimoja! Cuzo alikuwa anameza vinne kila siku, miezi sita. Pituitari yake iliona damu imejaa, ikanyamaza. Adrenali hazikupata ujumbe, zikalala.

Na krimu, kwa sababu najua wengine mnasema afadhali mimi napaka tu. Krimu nyingi za kung'arisha zina klobetasoli, na hiyo ni miongoni mwa steroidi kali kabisa za kupaka. Imejulikana kwamba hata gramu 2 kwa siku zinaweza kuzima tezi za mtu. Gramu 2 ni kidogo sana, na kuna mtu anapaka mwili mzima, asubuhi na jioni, tangu akiwa fomu tatu.

Nirudi kwa cuzo. Aliiona vidio yangu siku ya kwanza, yeye huwa wa kwanza kuweka moyo kwa kila ninachoposti. Akatoka nje, akamwaga vidonge vyote chooni, akanitumia picha ya pakiti tupu. Nikamjibu na moto tatu na makofi.

Siku ya nne akaanza kuchoka. Mwili mzima unauma, chakula hakishuki, kichefuchefu. Mama mkwe akasema ni mimba. Akapima, hakuna. Wakasema malaria, na kwetu huku malaria ndiyo jina la kwanza la kila homa, wakanunua dawa. Akinyanyuka anaona giza. Aliniambia kwa simu, "Nahisi kama nimeisha betri," nikamwambia ni sumu inatoka, avumilie. Nilimwambia hivyo. Hata sikutafuta mahali popote, nilijitungia tu.

Wiki ya pili akaharisha, kitu ambacho mtu mwingine angelala siku mbili akapona. Yeye alianguka jikoni asubuhi, jasho baridi, hasemi kitu cha kueleweka. Wakampakia kwa Probox iliyokuwa na abiria tayari, abiria wakashuka wenyewe bila kuambiwa. Mimi nilifika hospitali nyuma ya boda nikiwa na malapa ya kuogea.

Presha ilikuwa chini sana, na sukari pia. Kwenye zamu kulikuwa na afisa wa kliniki mmoja kijana, sisi huku tunamwita daktari na hakuna shida. Alikuwa ameshaanza kumtundikia maji. Akamtazama uso, akamfunua tumbo, akaiona ile michirizi, akamgeukia mamdogo. "Mama, kuna dawa huyu dada alikuwa anatumia kwa muda mrefu akaacha?" Mamdogo akasema hakuna. Mume akasema hakuna. Na mimi nilikuwa pale mlangoni.

Nilichukua sekunde ngapi kabla ya kujibu? Sijui. Zilikuwa nyingi kuliko zilizotakiwa. Nilikuwa nafikiria mamdogo atanitazama vipi. Halafu nikasema, "Deksa. Miezi sita. Ameacha karibu wiki mbili."

Yule kijana hakunigombeza, hakuwa na muda. Alimdunga haidrokotisoni miligramu 100 kwa mshipa, akaongeza maji yenye chumvi na sukari. Saa chache baadaye cuzo alifungua macho akauliza mtoto amekula. Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji.

Niliposoma baadaye ndipo nikaona kwamba ulimwengu umelijua jambo hili zaidi ya miaka 70. Thomas Addison, daktari wa London, aliandika mwaka 1855 kuhusu watu ambao adrenali zao zimeharibika, wanachoka na kukonda mpaka wanakufa, na wengi wakati ule walikuwa wameharibiwa tezi na kifua kikuu. Miaka mingi ikapita bila dawa. Halafu Septemba 1948, huko Marekani, Philip Hench akampa kotisoni mwanamke aliyelemazwa na baridi yabisi, na baada ya siku chache akatembea. Dunia ikapagawa. Hata mbegu za Strophanthus, mimea ambayo Afrika ilitumika kwa sumu ya mishale, zilisakwa zitengenezewe kotisoni. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili, Kendall na Reichstein, wakapewa Tuzo ya Nobel. Na mwaka 1952, miaka miwili tu baada ya sherehe, madaktari wa Marekani wakaripoti mgonjwa aliyekuwa ametumia kotisoni, akafanyiwa upasuaji, presha ikaanguka isiinuke tena. Walipompasua baada ya kufa walikuta adrenali zimenywea.

Kwa hiyo nilichomfanyia cuzo yangu kilikuwa kimeandikwa kabla nyanya yangu hajaolewa. Hata juzi tu, mwaka 2024, vyama vya wataalamu wa homoni vya Ulaya na Marekani vilitoa mwongozo mmoja kwa pamoja juu ya hili: aliyetumia steroidi chini ya wiki tatu au nne kwa kawaida anaweza kuacha bila kupunguza polepole, lakini aliyezidisha hapo ashushe dozi taratibu akiwa na daktari, na adrenali zinaweza kuchukua miezi, wengine zaidi ya mwaka, kuamka.

Kuna kitu kingine kinanikera na sijui nikiweke wapi, nakiweka hapa. Kuna watoto wanaozaliwa adrenali zao haziwezi kutengeneza kotisoli. Nairobi, kwenye hospitali ya watoto ya Gertrude's, tangu 2008 kumekuwa na mafunzo ya madaktari kutoka nchi nyingi za Afrika wajifunze homoni za watoto, na watoto hao ni sehemu ya kazi yao. Wanahitaji haidrokotisoni kila siku ili waishi, na sehemu nyingi za Afrika wazazi wanahangaika kuipata ya vidonge. Lakini deksa, ambayo ni kali mara ishirini na zaidi, unaipata kwa kikapu sokoni katikati ya nyanya na omena.

Cuzo sasa anakunywa prednisoloni moja asubuhi, tuliyoandikiwa Kisii, na tarehe zake za kupimwa kotisoli saa mbili asubuhi ziko kwa kalenda ya jikoni. Inabidi aondoke hapa kukiwa giza. Kwenye kibeti ana karatasi imeandikwa kwamba anatumia steroidi, asiachishwe ghafla, akianguka adungwe haidrokotisoni. Akishikwa na homa anaongeza dozi kama alivyoelekezwa. Uso umeanza kurudi ule wake wa zamani. Na watu wameanza tena, "Mbona umekonda hivyo, kuna nini?" Mama mkwe amerudi kumwita "huyu."

Nilipomwomba msamaha aliniangalia muda mrefu, akasema, "Lakini wewe si ulisema nitupe?" Hakuwa amekasirika. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayetaka kujua ni lini atanisikiliza na ni lini asinisikilize. Sikuwa na jibu na bado sina.

Basi kama wewe umemeza au kupaka hivi vitu zaidi ya wiki tatu: usitupe. Beba kopo, pakiti au tyubu, peleka hospitali, sema ukweli hata kama mama yako amesimama hapo. Kama tayari umeacha na unachoka ajabu, unatapika, unaona giza ukisimama, hiyo usingoje Jumatatu. Na kama uko kwa ARV usiguse ARV zako, wewe mwambie daktari tu kwamba ulikuwa unatumia na hii, kwa sababu zile zenye ritonavir zinaweza kuifanya steroidi ikae mwilini muda mrefu zaidi.

Kabla ya kufuta vidio ya pili nilipiga picha komenti zote. Walioandika "nimetupa" au "tayari" au kuweka alama ya choo ni 43. Nimewaandikia kila mmoja. Thelathini na mmoja wamejibu, wengi walikuwa wanatania, hawakuwahi kuwa na kopo. Wanne walikuwa nalo, na wawili kati yao wameshaenda kupimwa.

Kuna mmoja aliyekuwa ameacha namba ya WhatsApp kwa komenti kwa sababu anatafuta wateja wa kusuka, anasema yuko upande wa Ntimaru. Aliandika, "Mwaka mzima nimekuwa kwa hizi, asante dadangu, leo zimeenda." Hiyo ilikuwa Aprili tarehe 3. Nimemtumia ujumbe mara tano. Ni tiki moja ya kijivu. Nikipiga, simu haipatikani. Kama unasukwa Ntimaru na msusi wako ana uso wa mviringo na siku hizi haonekani kazini, tafadhali niandikie, hata usiku.